Mgeni Aliyepewa Jembe

Tabora, 2 Agosti 1915

Dada yangu Loisi,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepona, na cherehani bado inanilisha. Nashona barazani kwa Mhindi yule yule, ila siku hizi ni suruali za askari tu. Tangu vita hivi vya Wazungu vianze, anayetaka kanzu mpya ni nani? Nisalimie mwanao Yoramu na mkwe wetu Priska, ambaye nasikia ni mjamzito. Mungu amjalie ajifungue salama. Mwalimu Methusela mwambie lile Agano Jipya alilonipa ninalo bado, ingawa panya wamekwisha kula Ufunuo wote.

Barua hii imekujia mkononi mwa mtu. Mtazame vizuri, huyo mrefu mwenye pengo, ambaye bila shaka amekwisha kukutania kabla hujaifungua. Anaitwa Mihayo, Mnyamwezi wa hapa Tabora. Sasa nikueleze jambo nililokuficha, kwa kuwa sikutaka ulie na hali mimi nimekwisha kupona.

Mwaka juzi nilipokuja huku kwa gari la moshi sikufika salama kama nilivyokuandikia. Kabla ya Itigi homa ilinishika na vipele vikanitoka mwili mzima. Mtu mmoja akasema ndui. Basi, ilitosha. Watu niliokuwa nikigawana nao karanga tangu asubuhi walirudi nyuma wakapiga kelele, na gari liliposimama wakanishusha kwa kunisukuma na fimbo, wasije wakanigusa. Mzigo wangu ukatupwa nyuma yangu. Nikakaa kando ya reli, msitu wa Itigi mbele yangu, sina hata tone la maji, nikajisemea kwamba Loisi hatajua hata nilipolala.

Ndipo yule mtu akashuka. Hanijui, simjui, na kwao Tabora mama yake alikuwa anamngoja. Aliniuliza kabila langu, nikamjibu Mgogo. Akacheka. "Mtani wangu," akasema, "nyinyi hata kufa mnachagua mahali pasipo na kivuli?" Unajua utani wetu na Wanyamwezi tangu enzi za misafara: atakutukana, atakamata kuku wako mchana kweupe, lakini siku ya shida hawezi kukupita. Alinibeba mgongoni hadi kwenye kibanda cha watengeneza reli, akaniogesha, akaninywesha uji kwa mkono wake mpaka vipele vikakauka. Kumbe yalikuwa tetekuwanga tu. Ila wakati ananibeba hakulijua hilo, na ndui hajapata kuugua.

Alinipeleka kwa mama yake, Bibi Kabula, na hapo ndipo ninapokaa hadi leo. Ikija mvua nalima shamba la bibi huyo pamoja na Shija, mdogo wake Mihayo.

Sasa anakuja huko kuuza chumvi na kutafuta mbuzi. Katika Ugogo nzima hana mtu ila wewe. Mpokee kama uliyemzaa. Sina kitu kingine cha kumpa ila mlango wako.

Ni mimi mdogo wako,
Nikodemo


Mkonze, 26 Septemba 1915

Mdogo wangu Nikodemo,

Mbukwa. Marahaba, ingawa shikamoo yako imenikuta nimekasirika. Yaani ulitupwa porini kama mzoga, halafu unaniandikia kwamba safari ilikuwa njema? Nani alikulea wewe baada ya mama kufa, ni mimi au ni reli? Mwongo mkubwa. Nimelia hata hivyo, kwa hiyo kunificha kwako hakukusaidia.

Yoramu mzima. Priska tumbo limekuwa kubwa na hasira zimekuwa kubwa kuliko tumbo. Visima vya mtoni vimeshuka, tunachimba mchanga hadi mtu anazama mabega ndipo maji yaonekane. Mbuzi wawili wamekufa.

Huyo Mihayo wako ni balaa. Siku ya kwanza, kabla hata hajakaa, alikamata kuku wangu mtetea, akasema ni wake kwa haki ya utani. Nilimfukuza na mwiko kuizunguka tembe yote huku majirani wanacheka. Akala kuku, akasifu, akasema mlenda wangu umepikwa ili kuwanasa wageni wasiondoke. Moyo wangu ulimpenda papo hapo, sikufichi. Jioni amekaa na Yoramu wanasimuliana kama waliozaliwa tumbo moja.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikampa. Nawe unajua kwetu jembe halipewi mtu kimyakimya. Nilimwita jirani yetu Elieza ashuhudie, na jumbe wa kijiji naye alikuwa akipita akasimama kuona. Mihayo akalipokea kwa mikono miwili. Basi amekwisha kuwa mtu wa kaya hii: namtuma, namgombeza, na asipochota maji hali. Anasema atakaa hadi mvua za kwanza atusaidie kupanda uwele, kisha arudi kwao na mbuzi wake.

Mwambie mama yake asiwe na hofu. Mwana wake ana mama mwingine huku, mwenye mdomo mkali.

Dada yako,
Loisi


Tabora, 14 Novemba 1915

Dada Loisi,

Shikamoo sana. Barua yako nimemsomea Bibi Kabula, na hapo pa mwiko alinifanya nirudie. Anakushukuru, anasema Mungu akuzidishie. Mimi nimecheka, na nimekuonea fahari pia.

Ila habari za huku si nzuri. Wadachi wanaotutawala wanatafuta watu wa kuyabebea majeshi yao mizigo. Wanachukua mmoja kila nyumba, na anayekwenda haijulikani atarudi lini. Nasikia huko Dodoma ndiko mizigo inakoshushwa ipelekwe Kondoa na mbele zaidi. Mwambie Mihayo asingoje kumaliza kupanda. Apande gari aje. Noeli imkute kwa mama yake.

Nijibu upesi.

Nikodemo


Mkonze, 9 Januari 1916

Mdogo wangu,

Mbukwa. Heri ya mwaka mpya. Mvua imenyesha vizuri, uwele umeota, na ndege nao wameota kama uwele, tunashinda shambani kuwafukuza. Priska amejifungua mtoto wa kike, jina lake Hana. Anafanana na mama yetu hata kwa kukunja uso. Yoramu anambeba mchana kutwa, wanaume wenzake wanamcheka naye hajali. Yupo, mzima, namshukuru Mungu kila asubuhi.

Mwalimu Methusela amepata jipu la shingo na kwaya imeimba yenyewe Noeli, kila mtu kwa sauti aliyoitaka. Kitambaa ulichonitumia kwa Mihayo nimemfungia mtoto. Ng'ombe wa Elieza amezaa pacha, mmoja amekufa.

Mihayo alishaondoka.

Basi, nina kazi nyingi, mtoto analia. Kaa salama.

Loisi


Tabora, 30 Januari 1916

Dada,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu. Nimefurahi kweli.

Mihayo aliondoka lini, na kwenda wapi? Hapa hajafika. Umeandika habari za ndege, jipu na ng'ombe wa Elieza, na yeye ukampa maneno mawili. Sikuzoea kukuona bahili wa maneno. Kila siku ya gari Bibi Kabula anakwenda kukaa nje ya kituo na kibuyu cha maji, kwa kuwa anasema mwanawe akitoka safari hutaka maji kwanza. Anarudi na kibuyu kimejaa.

Niambie tu ukweli. Kama amekufa, niambie.

Nikodemo


Tabora, 12 Machi 1916

Loisi,

Shikamoo, kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu na desturi ni desturi.

Nimengoja jibu lako, halikuja. Badala yake amekuja Elieza, jirani yako. Nilimwona barazani kwa Mhindi, amekonda nisimtambue, mabega yamechunika. Amebeba mizigo ya vita toka Desemba, ameletwa huku na kundi jingine. Nilimpa chakula, na alipokwisha kula nikamuuliza. Hakutaka kusema. Nikamshikilia mpaka akasema.

Anasema jumbe alikuja na askari wawili wiki ile kabla ya Noeli, mtu mmoja kila nyumba. Nyumbani kwake akatoka yeye mwenyewe. Kwako walikuwako Yoramu na Mihayo, wanapalilia. Jumbe akauliza nani wa nyumba hii anakwenda. Nawe ulisimama mlangoni, Loisi, ukanyosha kidole, ukasema: "Huyu mrefu. Nilimpa jembe mbele yako wewe mwenyewe. Ni mwanangu." Jumbe akacheka, akasema kweli, aliona. Na Mihayo hakusema kitu. Aliliweka jembe ukutani, akachukua shuka lake, akaenda.

Nimeapishana na Elieza kwa Mungu, nimemwambia unamsingizia dada yangu. Akalia. Hapo nikajua.

Mtu alinibeba mgongoni akidhani nina ndui. Nikamtuma kwako, kwenye mlango ninaouamini kuliko milango yote duniani. Ukachukua desturi ya wazee, iliyowekwa ili mgeni asijione mpweke, ukamfungia nayo kamba. Nimesikia aibu mpaka siwezi kushona. Bibi Kabula nimemwambia kwamba mwanawe alikamatwa njiani. Nimemdanganya kwa ajili yako, na uongo huo unanikaba kila anaponipakulia ugali.

Ulifanyaje, dada? Ulilalaje usiku ule?

Nikodemo


Mkonze, 29 Machi 1916

Nikodemo,

Sitakuamkia na wewe usinitafutie shikamoo ya desturi. Kaa nayo.

Unaniuliza nililalaje. Nililala. Nililala kwa kuwa mwanangu alikuwa ndani, nikimsikia anakoroma upande wa pili wa ukuta. Wewe hujazaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe umezaa suruali tu.

Baba yake Yoramu alikwenda na mizigo ya Wadachi wakati reli haijafika, na sikuletewa hata kiatu chake. Watoto wangu watatu nimewazika. Amebaki huyu. Siku ile Priska amesimama nyuma yangu, tumbo limefika mlangoni, ananishika nguo. Jumbe anasema toa mtu. Yeye hakusema toa mtu mwema au mtu mbaya. Ungekuwa wewe pale, ungemtoa nani? Usiniandikie maneno ya kanisani. Niandikie jina.

Unasema ulinituma nimpokee kama niliyemzaa. Nilimpokea. Na mwana wa nyumba ndiye anayetumwa. Kwetu mgeni hatumwi. Jumbe mwenyewe alikubali kwamba ni halali. Hakuna mtu Mkonze aliyeninyoshea kidole ila wewe, uliyeko mbali, unayekula kwa watu.

Unadhani sikumpenda? Jembe lake liko pale pale alipoliweka. Yoramu halishiki, na siku hizi hali na mimi. Anakula shambani, akirudi anambeba mtoto, hanisemeshi. Nilimwokoa kwa ajili ya nani basi? Alikwenda kwa jumbe mara mbili kutaka apelekwe amfuate mwenzake, nikaenda mimi kumwangukia jumbe miguuni ili asimsikilize. Nitakwenda na mara ya tatu. Aninyamazie hata miaka kumi, mradi ananinyamazia akiwa hai.

Hilo ndilo jibu. Kama unataka niombe radhi, nitaomba kwa huyo niliyemkosea, si kwako.

Loisi


Tabora, 17 Aprili 1916

Dada yangu,

Shikamoo. Leo naitoa kwa moyo.

Uliniuliza ningemtoa nani. Jana nimeulizwa.

Wamekuja asubuhi, jumbe wa mtaa na askari, mmoja kila nyumba. Shija ana homa ya matumbo, hawezi hata kusimama, lakini askari wakasema atasimama njiani. Watu wa mtaa waliokusanyika wakaanza kunitazama mimi. Sikuwalaumu. Misimu mitatu nimelima shamba la nyumba ile, na jembe nilipewa na Bibi Kabula siku ya tatu ile ile, mbele ya watu, kama ulivyofanya wewe. Wao nao wana desturi hiyo.

Jumbe akamwambia bibi, una kijana mwingine hapo. Angeweza kunyamaza tu, dada. Kunyamaza kungetosha. Akaja akasimama mbele yangu, kimo chake kinafika kifuani pangu, akasema: "Huyu ana dada yake kwao. Amempokea mwanangu. Nitamwambia nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Alikuwa anakulinda wewe bila kukujua, kwa sababu ya uongo wangu. Shija alikuwa anajaribu kuinuka kwenye mkeka. Nikamwambia jumbe kwamba mimi ni mtu wa nyumba hii na niandikwe mimi. Bibi Kabula akanishika mkono, nikautoa kidole kimoja kimoja.

Tunatoka leo kwenda upande wa ziwa, kwenye mpaka wa Wabelgiji. Barua hii nampa Mhindi aitie posta.

Sikuandikii ili kukukomoa. Jana nilipomwona Shija anatambaa, nilikuelewa kidogo, na nilichukia kukuelewa. Nimemwacha bibi na mgonjwa, hana mtu wa kumchotea maji. Ndilo linaloniuma kuliko mzigo.

Mbusu Hana. Yoramu mwambie akusemeshe.

Nikodemo


Mkonze, 21 Aprili 1916

Nikodemo, mdogo wangu,

Mbukwa, mbukwa sana. Bado sijapata jibu lako na sijali umeandika matusi gani, yote nimekusamehe, nisamehe na wewe. Mihayo yu hai. Yuko hapa. Nakuandikia huku namwona.

Amekuja juzi juu ya punda wa wafanyabiashara watokao Kondoa. Mguu uliota donda njiani, wenzake wakamwacha chini ya mzigo wake karibu na Busi, askari wakapita. Mama mmoja wa Kirangi, anaitwa Arafa, alimkuta akienda kuchanja kuni. Hamjui, dini mbali, kabila mbali. Alimkokota hadi kwake, akamficha ghalani, akamtibu kwa majani na maji ya moto, akamwombea nafasi kwa wale wenye punda. Nilipolisikia jina la mama huyo nilishindwa kumtazama Mihayo usoni. Wa Busi amemwokota, na mimi wa Mkonze ndiye niliyemtupa.

Nilimpigia magoti pale pale mlangoni, Priska anaona, majirani wanaona. Nikasema mwanangu, nilikutoa. Akaniinua. Akasema: "Dada, siku ile mbele ya jumbe ningesema tu kwamba jina langu limeandikwa Tabora, si hapa, wangeniacha. Niliona tumbo la Priska. Hukunitoa wewe, nilitoka."

Bora angenipiga. Nimelia siku mbili, nalia sasa. Nimejidai mbele yako kwamba sina kosa, na mtu niliyemwonea ananitetea kuliko nilivyojitetea mwenyewe. Yoramu amemlaza kwenye kitanda chake. Leo asubuhi ameniambia, mama, uji wa Mihayo uko wapi. Ni maneno ya kwanza tangu Noeli. Nimeupika uji ule, nikaupeleka mwenyewe.

Mguu ni mbaya lakini mwalimu Methusela anasema utapona, ila hatatembea kabla ya mavuno. Tutamficha kwa zamu. Akiweza kusimama, Yoramu na mimi tutamleta Tabora wenyewe, nimwone Bibi Kabula, nimwambie mwenyewe kwa kinywa changu nilichofanya. Usimwambie wewe. Mwambie tu mwanawe yu hai, amwage yale maji ya kituoni, asijichoshe.

Ana neno moja, ananihimiza niliandike. Ameota ndoto mbaya za nyumbani, anasema mdogo wake si mtu wa afya, na mama amezeeka. Anakuomba usitoke nyumbani kwa mama yake mpaka yeye afike, hata wakikuita wapi. Amelirudia tangu asubuhi, hapati usingizi kwa ajili ya neno hilo.

Nimemwambia alale. Nimemwambia Nikodemo nimemlea mimi, namjua, yuko pale pale kwa mama yako, na haendi popote.

Dada yako akupendaye,
Loisi